Diskasheni Yahama Vimbwetani

Wanaoyajua maisha ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanavijua vimbweta: zile meza na viti vya zege ambako vizazi vya wanafunzi vimekaa hadi usiku vikijadili kazi za vikundi. Utaratibu ulikuwa unajulikana. Mhadhiri anagawa maswali, wanafunzi saba au kumi wanapangwa pamoja, mwenye mwandiko mzuri anakuwa katibu, mwenye kompyuta anachapa. Flashi inazunguka mkono kwa mkono, imebeba kazi pamoja na virusi, hadi inafika steshenari saa chache kabla ya muda wa kukusanya. Kwenye jalada yanaandikwa majina yote, yakiwamo ya watu ambao hawakuonekana hata siku moja. Alama zinagawiwa sawa kwa wote.

Leo katika madarasa mengi flashi imestaafu. CR, yaani kiongozi wa darasa, akishatangaza vikundi, kundi la WhatsApp linafunguliwa jioni hiyohiyo, na mtu anaweka humo kiungo cha hati ya pamoja ya Google Docs. Aliye hosteli, anayekaa kwao Kigamboni na aliyesafiri kwenda msibani Songea wote wanaandika kwenye ukurasa uleule, kila mmoja akiyaona maneno ya wenzake yakitokea herufi kwa herufi. Vimbweta bado vina watu, ila mazungumzo ya pale yamekuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine inaendelea saa tano usiku, mtu akiwa kitandani na simu mkononi.

Mabadiliko haya ni makubwa kuliko kuhama kwa mahali. Zamani, kazi ya kufikiri pamoja ilipotea hewani mara kikao kilipovunjika. Kilichobaki ni karatasi ya mwisho. Sasa kufikiri kwenyewe kunaacha maandishi: nani aliuliza, nani alijibu, sentensi ipi ilifutwa na kwa sababu gani. Hapo ndipo faida za zana hizi zinapotoka, na hatari zake pia.

Wazo la watu wawili kushika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja ni la zamani. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wa kompyuta jinsi yeye na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, kilomita kama 50 kutoka pale, walivyoweza kuishughulikia hati moja kwenye skrini zao huku wakionana na kusemezana. Siku hiyo pia ndipo alipowaonyesha kipanya alichokibuni. Lakini likabaki swali gumu: itakuwaje watu wawili wakigusa maneno yaleyale kwa sekunde ileile?

Chukua mfano wa sentensi fupi kuhusu Mto Rufiji. Mwanafunzi aliye Mbeya ameona kosa na anataka kufuta herufi ya 10. Wakati huohuo, mwenzake wa Mwanza anaongeza neno mwanzoni mwa sentensi, na pamoja na nafasi yake neno hilo linachukua herufi nne. Badiliko la Mwanza likitangulia kufika, herufi iliyokuwa ya 10 imeshasogea hadi nafasi ya 14. Kompyuta ikitii agizo la Mbeya kama lilivyo, itafuta herufi isiyohusika, na kila mmoja atabaki na sentensi tofauti kwenye skrini yake. Ufumbuzi ni kulibadili agizo lenyewe kabla ya kulitekeleza: "futa ya 10" inageuzwa kuwa "futa ya 14" kwa kuwa mfumo unajua kilichotokea kabla yake. Kazi hiyo inafanyika kwa kila herufi, kwa kila mwandishi, bila mtu kuhisi chochote.

Waliouandika msingi wa njia hiyo, mwaka 1989, ni Clarence Ellis na Simon Gibbs, kupitia programu ya majaribio iliyoitwa GROVE. Inafaa mwanafunzi wa Kiafrika anayefungua hati ya pamoja alijue jina la Ellis. Alizaliwa Chicago mwaka 1943. Akiwa na miaka 15 alipata kazi ya zamu ya usiku ya kulinda kompyuta ya kampuni moja. Kuigusa hakuruhusiwa, kwa hiyo usiku wake akautumia kusoma vitabu vya maelekezo vya mashine hiyo hadi akaielewa vizuri. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Illinois, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta. Baadaye maishani alifundisha pia Chuo Kikuu cha Ashesi, nchini Ghana. Njia yake ndiyo iliyokuja kuendesha hati za pamoja ambazo wanafunzi wa leo wanazifungua bila kujiuliza zinafanyaje kazi.

Kwa walimu, kitu kilichopokelewa kwa shangwe kuliko vyote katika hati hizi ni historia ya matoleo. Mhadhiri akibofya mara chache anaona aya hii iliandikwa na nani, saa ngapi, na ile ilirekebishwa mara ngapi. Wanafunzi waliozoea kutegea wamepata taabu. Wale waliokuwa wakifanya kazi ya watu saba wakiwa wawili sasa wana ushahidi mkononi. Hata hivyo ushahidi huo unahitaji kusomwa kwa busara. Mara nyingi mwenye kompyuta nzuri ndiye anayechapa mawazo ya wengine, na mtu aliyetoa hoja nzito kuliko zote kwa mdomo anaweza asionekane popote kwenye historia. Mwalimu anayehesabu maneno ya kila mwanakikundi na kugawa alama kwa hesabu hiyo anawapa ushindi wachapaji.

Kuna faida nyingine isiyozungumzwa sana, nayo kwa Tanzania ina uzito wa pekee. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili, kisha anaingia sekondari na kukuta karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza, na hali hiyo inaendelea hadi chuoni. Darasani, wenye Kiingereza cha haraka wanauliza maswali. Wengine wananyamaza, na kunyamaza kwao kunaonekana kama kutojua. Kundi la WhatsApp limewafungulia mlango mwingine. Humo swali linaulizwa kwa Kiswahili: "Jamani, hii osmosisi mbona siielewi, maji yanahama kwa nini?" Mtu anajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili, mwingine anapiga picha mchoro aliouchora daftarini, wa tatu anapinga. Baada ya robo saa, dhana iliyoingia masikioni kwa lugha moja imeeleweka kwa nyingine. Jibu la mwisho linaandikwa kwa Kiingereza kwenye hati, lakini kuelewa kulikwishatokea. Kazi hiyo ya kutafsiri maarifa wanafunzi walikuwa wakiifanya tangu zamani, kwa kunong'onezana mabwenini; tofauti ni kwamba sasa mwenye aibu anaweza kuisikiliza tena na tena, peke yake, bila kumwomba mtu arudie.

Kwamba kusoma pamoja kunasaidia si jambo la kudhani tu. Miaka ya 1970, Uri Treisman, wakati huo akisoma Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi Weusi walianguka katika kalkulasi ya mwaka wa kwanza, huku wenzao wenye asili ya Kichina wakifaulu. Wahadhiri walikuwa na majibu tayari: hawana ari, hawakuandaliwa vizuri. Treisman akawafuata wanafunzi 20 wa kila upande hadi wanakoishi na kusomea. Aliwakuta wanafunzi Weusi wakifanya kazi kwa bidii na nidhamu, ila kila mmoja peke yake, wakitenganisha kabisa urafiki na masomo. Wale wa asili ya Kichina walifanya maswali kila mtu kivyake kwanza, kisha jioni wakakutana kulinganisha majibu na kusahihishana. Aliyekosa swali alijua palepale kama kosa ni lake au swali lenyewe ni gumu kwa wote. Treisman akaanzisha warsha ambamo wanafunzi walipewa maswali magumu ya kushughulikia kwa vikundi, na matokeo ya walioshiriki yakapanda sana.

Mpangilio ule wa jioni ndio wa kuuzingatia: peke yako kwanza, pamoja baadaye. Zana za mtandaoni zinauwezesha mpangilio huo, lakini zinaweza pia kuuvuruga, maana jibu la mwenzako linaweza kufika kwenye simu kabla hujakaa na swali hata dakika tano.

Mahali ambapo umuhimu wa simu katika masomo umeonekana wazi ni kambi za wakimbizi za Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, Kenya, zilizoanza mwaka 1991 wakati Wasomali walipokimbia vita. Mwaka 2013 ulianza kule mradi wa BHER, wa elimu ya juu kwa wakimbizi, ukiviunganisha vyuo kama York cha Toronto, Kanada, na Kenyatta na Moi vya Kenya. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa walimu wa shule za kambini ambao hawakuwahi kupata mafunzo rasmi ya ualimu. Walisoma kwa sehemu ana kwa ana na kwa sehemu kupitia mtandao, katika baadhi ya kozi wakiwa darasa moja na wanafunzi walioko Toronto.

Mfumo rasmi wa masomo ulihitaji kompyuta na umeme, vitu ambavyo kambini havipatikani wakati wowote mtu anapovitaka. Wanafunzi wakajaza pengo hilo kwa WhatsApp: wakaulizana tarehe za kukusanya kazi, wakajadili maandiko waliyopewa kusoma, wakawauliza wenzao na wakufunzi walioko ng'ambo ya bahari. Watafiti Negin Dahya na Sarah Dryden-Peterson, katika makala yao ya 2017 kuhusu wanawake wa kambini na safari yao ya kuelekea chuo, walionyesha kwamba simu ilikuwa na uzito wa pekee kwa wanawake. Mwanamke mwenye watoto na kazi za nyumbani, anayeishi mahali ambapo kutembea gizani ni hatari, hawezi kwenda kwenye kikao cha wanaume wanaosoma usiku. Lakini anaweza kusoma ujumbe baada ya kulaza watoto. Na katika ujumbe ule kulikuwa na zaidi ya masomo. Kulikuwa na watu wa kumwambia asikate tamaa, wengine wakiwa wanawake waliokwisha kuipita njia hiyo.

Jaribu lililogusa nchi nzima za eneo hili lilikuja mwaka 2020, pamoja na janga la korona. Katikati ya Machi Kenya ilifunga shule. Tanzania ikafuata tarehe 17, na Uganda siku chache baadaye. Tanzania ilifungua vyuo na kidato cha sita tarehe 1 Juni. Uganda haikufungua shule zote kikamilifu hadi Januari 2022. Katika kipindi kile, kundi la darasa la WhatsApp liligeuka shule kwa wengi: mwalimu anatuma picha za nukuu, wanafunzi wanapiga picha madaftari na kumrudishia. Wakati huohuo ikadhihirika ni nani wasiokuwemo. Nyumba yenye watoto wanne na simu moja ya baba, anayeondoka nayo asubuhi kwenda kazini, haikuwa na shule. Isitoshe, shule za sekondari za Tanzania na Kenya zilikuwa zimepiga marufuku simu kwa wanafunzi miaka yote, hivyo vijana wengi hawakuwahi kufundishwa kutumia simu kwa kusoma. Walijua kuchati tu.

Marufuku hiyo ina sababu zake. Njia ileile inayopitisha maelezo ya osmosisi inapitisha pia majibu ya mtihani. Baada ya udanganyifu wa mtihani wa kidato cha nne wa Kenya wa mwaka 2015, ambapo simu na WhatsApp zilitumika kusambaza karatasi, Waziri wa Elimu Fred Matiang'i aliivunja bodi ya Baraza la Mitihani la Kenya Machi 2016. Vyuoni wizi ni wa kimyakimya zaidi. Kudesa, yaani kuchukua kazi ya mwingine na kuifanya yako, ambako zamani kulihitaji angalau kunakili kwa mkono, sasa ni kubandika tu. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, mwanakikundi anaweza kuleta sehemu yake yote ikiwa imekamilika, na kwenye historia ya matoleo inaonekana wazi: kurasa mbili zimetua kwa sekunde moja, bila kosa la tahajia, bila sentensi hata moja iliyofutwa. Wenzake wanajua. Tatizo ni kwamba mara nyingi wanafurahi, kwa kuwa kazi imeisha.

Hapa lawama isiishie kwa wanafunzi. Swali linalosema "eleza faida na hasara za ukoloni" linaomba kudeswa. Swali linalowataka wanakikundi wakaongee na wauza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, wakubaliane namna ya kupanga waliyoyasikia, kisha kila mmoja asimame mbele ya darasa na kutetea sehemu ambayo hakuiandika yeye, halina mahali pa kunakiliwa. Hapo mwenye kutegea atakwama mbele za watu, na kundi lote litakuwa na sababu ya kuhakikisha kila mtu ameelewa.

Njia nyingine ya kuzuia kudesa ni kuwapa wanafunzi msomaji wa kweli. Mfano ni Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza. Mwishoni mwa 2009 Google iliendesha shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, waandike makala ya Kiswahili na kushindania zawadi kama kompyuta na simu. Mamia kadhaa ya makala yakaandikwa. Kilichowapata washiriki ni tofauti na kusahihishwa na mhadhiri: mtu usiyemjua anafungua makala yako, anaondoa sentensi isiyo na chanzo, anaandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwa nini ameiondoa, na wewe unapaswa kujibu kwa hoja. Huo ni mkong'oto wa kitaaluma ambao wengi hukutana nao kwa mara ya kwanza wakiwa tayari uzamilini. Baada ya zawadi kugawiwa wengi hawakurudi kuandika, na hilo linaeleza mengi kuhusu zawadi. Lakini makala yaliyobaki yanasomwa na watoto wa shule wanaotafuta maelezo kwa lugha yao, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya maelfu ya kazi za vikundi zilizorundikwa kwenye makabati ya idara.

Bado lipo suala la bando, na ndilo zito kuliko yote. Aprili 2021 zilipoanza kutumika bei mpya za vifurushi Tanzania, kelele za wananchi zilikuwa kubwa hadi serikali ikazisitisha. Kwa mwanafunzi anayesubiri bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa elimu, kikao cha Zoom cha saa moja kinaweza kula fedha ya chakula cha siku. Ndiyo maana WhatsApp imezishinda zana zilizobuniwa mahususi kwa masomo: inakula kidogo, inavumilia mtandao dhaifu, na ujumbe unamsubiri mtu hadi apate bando. Anayebuni mafunzo kwa kudhani kila mwanafunzi yupo hewani muda wote anawafundisha wenye nazo.

Wapo wabunifu walioliona hilo kwa kulipitia wenyewe. Martin Dougiamas, aliyetoa toleo la kwanza kamili la mfumo wa Moodle mwaka 2002, alikulia katika jangwa la Australia Magharibi, ambako masomo yake ya utotoni yalimfikia kwa redio ya masafa mafupi. Moodle ni mfumo huria usiolipiwa leseni, na leo unatumika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kuwafikia watu wazima popote walipo nchini. Programu yake ya simu inamruhusu mwanafunzi kupakua kozi akiwa mahali penye mtandao wa bure, kusoma na kuandika majibu yake nje ya mtandao, kisha kuyatuma mtandao ukirudi. Hati za Google nazo zinaweza kufanya vivyo hivyo zikiandaliwa mapema, ingawa wanafunzi wengi hawajaelekezwa jinsi ya kuwasha uwezo huo. Ni somo la dakika kumi. Linaweza kuingizwa kwenye wiki ya kwanza ya chuo, pamoja na maelekezo ya maktaba, na mwanafunzi wa Mpanda ambaye mtandao wake unakuja na kuondoka akapata nafasi ya kuandika sehemu yake mwenyewe badala ya kuandikiwa na wenzake wa mjini.